Vilima Vifupi vya Misitu ya Pwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Shemeji yangu alitutembelea Tanga mwezi wa Februari, joto la kaskazi likiwa limekolea. Ni mtu wa Moshi na ni mtu wa milima hasa: Uhuru, mita 5,895, amefika mara mbili. Nilipomwambia Jumapili tunapanda kilima upande wa Muheza, akauliza kina mita ngapi. Nikamjibu kwamba kutoka tutakapoacha pikipiki hadi juu hazifiki 300. Akacheka, akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akasema tutawahi chai ya saa nne.

Saa tano na robo alikuwa amekaa juu ya mzizi, shati linachuruzika kama limetolewa kwenye beseni, na mikono imesisimka vipele kama ya mtu anayesikia baridi. Akaniuliza, "Shem, geti tumeshalipita?" Kilima kile hakina geti.

Nitarudi kwake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka vijana na wageni kwenye vilima hivi vya msitu, vya huku Muheza na Mkinga na vya Pemba ng'ambo ya mkondo, na kila safari nasikia maneno yaleyale. Mengine hayana madhara. Mengine yanalaza watu hospitali, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

"Pwani ni tambarare, na visiwani ndiyo kabisa"

Anayesema hivi amepita barabarani tu. Ni kweli kwamba ukitoka Tanga mjini mashamba ya mkonge yamelala kama mkeka, lakini siku isiyo na mawingu Usambara Mashariki inakuwa imeshasimama mbele yako kabla hujafika Muheza. Mlinga una mita 1,069. Nilo, mrefu kuliko yote upande huo, una 1,506. Na kabla ya kuifikia milima hiyo kuna vilima vidogovidogo ambavyo ramani nyingi hazivitaji hata jina, vimevaa msitu hadi utosini.

Kuhusu visiwa, watu huichukua Unguja wakaifanya kipimo cha kila kisiwa. Mashariki ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe, imenyooka, na miinuko yake iko zaidi upande wa magharibi, kule Masingini. Pemba si hivyo. Pemba haina mlima wa kujivunia, lakini sehemu kubwa ya kisiwa haikai sawa: unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, na ukitembea kwa miguu badala ya kupanda gari unaelewa kwa nini, na magoti yako yanaelewa zaidi. Kijana mmoja wa Ngamiani niliyekwenda naye aliona kwenye ramani kwamba hakuna kilima kinachotisha, akavaa ndala. Jioni yake alikuwa amepanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima mmoja mkubwa, ila kwa vipande.

"Mita mia na hamsini? Hayo ni matembezi"

Hapa ndipo wanapokosea hata wenye pumzi na miguu. Mlima mrefu unachosha kwa njia yake: hewa inapungua, na kuanzia kama mita 2,500 mtu anaweza kuumwa kwa sababu ya mwinuko wenyewe. Lakini kadiri unavyopanda ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Sasa piga hesabu ya kilima cha mita 150: nafuu yake haifiki nyuzi 1. Ulichokiacha chini ndicho unachokikuta juu.

Mwili hupoa kwa jasho kukauka, wala si kwa jasho kutoka. Linapogeuka mvuke ndipo linapoondoka na joto la ngozi. Hewa ya pwani yetu imeshashiba unyevu, haina nafasi ya kupokea jasho lako, kwa hiyo linadondoka tu chini. Unapoteza maji, unapoteza chumvi, na ubaridi huupati. Ndani ya msitu hali inazidi, maana miti yenyewe inatoa mvuke na upepo wa baharini haupenyi. Anika kanga mbili siku moja, moja uani penye upepo na nyingine chumbani dirisha likiwa limefungwa, utaona ninachosema.

Ndiyo maana ile kauli ya "msituni kuna kivuli, maji ya nini" inaniumiza kuliko zote. Kivuli kinakuokoa na jua la utosini, na hilo si dogo. Hakikukaushii jasho.

Kuna na njia yenyewe. Mlima unaopandwa na wageni wengi una njia iliyochorwa kwa kuzunguka, ina vituo. Kilima cha kijijini njia yake mara nyingi imenyooka kutoka shambani hadi juu, kwa sababu aliyeikata alikuwa anafuata kuni zake na alitaka kufika. Wazee walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Katika joto la kaskazi mtu anayepanda huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa saa, akinywa kidogo kidogo bila kungoja kiu. Mimi sitoki na chini ya lita mbili na nusu kwa asubuhi moja. Kosa la upande wa pili lipo pia: kunywa maji matupu lita kwa lita bila kutia kitu tumboni. Chumvi ya damu huzimuliwa, kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, na mwenzako akidhani ni kiu anakuongezea maji.

Na madafu? Nayapenda, na Tanga hatuna uhaba wake. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linachokomba zaidi ni sodiamu. Kwa hiyo dafu peke yake halitoshi. Mimi hubeba machungwa ya Muheza na kikaratasi cha chumvi ya pilipili ya kuchovea, na mihogo ya kukaanga. Safari ikiwa ndefu naongeza pakiti ya ORS, naichanganya kama ilivyoandikwa.

Turudi kwa shemeji. Kusisimka vipele ndani ya joto, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza: hizo ni dalili za mwili uliozidiwa, na mtu wa namna hiyo akipumzishwa na kunyweshwa mapema hurejea hali yake. Kuchanganyikiwa ni habari nyingine. Anayeuliza geti lisilokuwepo, joto lake la ndani linaweza kuwa limefika nyuzi 40 au zaidi, na hapo roho iko hatarini. Tulimlaza, tukamvua shati na viatu, tukachota maji ya kijito kwa kofia na kumlowesha kichwa, shingo na makwapa, na kijana mmoja akawa anampepea kwa jani la mgomba bila kuacha. Hatukumpa kitu mdomoni mpaka alipoweza kunitajia jina langu na siku yenyewe kuwa ni Jumapili. Nimeona watu wakifanya kinyume: wanamfunika mgonjwa kwa sababu "anasikia baridi", au wanammiminia maji kinywani naye hajitambui, yakaingia mapafuni.

Alipopata nguvu tulimteremsha taratibu, bodaboda ikampeleka hospitali, akatundikiwa dripu, jioni akalala nyumbani. Mwili huzoea joto, lakini kwa wiki moja hadi mbili. Yeye alikuwa ametua juzi yake. Kosa lilikuwa langu mimi mwenyeji.

"Pigeni kelele, nyoka watakimbia"

Wengi wao watakimbia kweli, hata bila kelele zako. Nyoka hana masikio ya nje. Mtikiso wa hatua zako ardhini anaupata vizuri kuliko nyimbo. Shida ni kifutu. Yeye hulala kimya kwenye majani makavu akitegemea rangi yake, na akikusikia unakuja ndiyo kwanza anatulia. Kwa hiyo fimbo itangulie na macho yawe chini. Ukikuta gogo limelala njiani usiliruke: simama juu yake, tazama ng'ambo, ndipo ushuke.

Akikuuma, usifunge kamba ya kukaza, usichanje, usinyonye. Lile jiwe jeusi la nyoka ambalo baadhi ya nyumba zetu bado zinaliweka kabatini halivuti sumu. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa, na kila dakika linaposubiriwa linate na lianguke ni dakika iliyoibwa hospitalini. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, funga kijiti kuuzuia mguu au mkono usitikisike kama vile umevunjika, mbebe mgonjwa badala ya kumtembeza, na nendeni penye dawa.

Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, nyoka si wa kwanza kuwasumbua watu kwenye vilima hivi. Wa kwanza ni upupu. Kiangazi maganda yake yakikauka, vinyweleo vinapeperuka kwa kuguswa tu, na mtu akijikuna anavisukuma ndani zaidi. Usisugue. Bandika selotepu ubandue, au vidonge vya ugali uliopoa, kisha ndipo uoge. Wa pili ni siafu baada ya mvua, na dawa yao ni suruali iliyochomekwa ndani ya soksi na kutosimama kupiga picha katikati ya msafara wao.

"Msitu wenyewe mdogo, utapotelea wapi?"

Utapotelea hapohapo. Kwenye mlima mrefu usio na miti unaona ulikotoka. Kwenye kilima cha msitu huoni hatua ishirini. Kupanda si tatizo, kwa sababu kila njia inayopanda inaelekea juu. Balaa liko kwenye kushuka: kileleni njia zinaachana kama vidole, na ukikosea kidole kimoja unatokea bonde jingine, kijiji kingine, na kilomita kadhaa za kuzunguka. Kabla ya kuondoka juu mimi hugeuka nikaitazama njia niliyojia, nikatafuta alama: mti uliopasuka, mwamba wenye kuvu jeupe.

Hapa kuna dhana ndogo inayostahili kuvunjwa, kwamba simu bila mtandao haina ramani. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila bando na bila minara. Inachohitaji ni ramani uliyoipakua ukiwa bado mjini. Kinachoiangusha ni betri, na msituni simu inayotafuta mtandao inamaliza chaji upesi. Iweke kwenye hali ya ndege na ramani itaendelea kukuonyesha ulipo.

Tena kuna jua. Tanga jua huzama kati ya kama saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na kiza kikianza kuingia hakichukui hata nusu saa kukamilika. Chini ya miti kinatangulia. Saa kumi alasiri niwe nashuka, hata kama kilele kiko hatua mia mbele.

Viatu nisivipigie kelele. Wenyeji wanapanda na yeboyebo na wananipita. Buti jipya la bei kubwa litakutoa malengelenge kabla ya saa nne. Vaa kilichozoeana na mguu wako na chenye meno chini, maana udongo mwekundu uliolowa unateleza kama sabuni.

"Habari za mizimu ni ushirikina tu, msizijali"

Na upande wa pili wanasema: "Msitu ule una mizimu, msikaribie." Sikubaliani na pande zote mbili.

Vipande vingi vya msitu tulivyobaki navyo katika pwani hii, kwa Wadigo, kwa Wazigua na kwingineko, vimebaki kwa sababu vilikuwa mahali pa makaburi ya wazee au pa tambiko, na mtu hakuthubutu kutia panga. Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, yana mzimu wa Mabavu ambako watu bado wanapeleka nadhiri zao. (Hadithi ya kwamba pango mojawapo linatokea hadi Kilimanjaro ni tamu, lakini upimaji wa mwaka 1994 haukukuta pango linalokwenda zaidi ya mita 900 kutoka mlangoni.) Huhitaji kuamini anachoamini aliyefunga kitambaa kwenye mti. Unachohitaji ni kuomba ruhusa kwa wazee wa kijiji kabla ya kuingia, na ukikuta kitambaa, ubani au chungu, kupita bila kugusa na bila picha. Nimewahi kuwa na kijana aliyechukua sarafu pale akicheka. Tulipoteremka, mzee aliyekuwa ametuonyesha njia hakumgombeza; alitutazama tu, akaingia ndani. Mwaka mzima baada ya hapo hatukukaribishwa kwenye kilima kile, na kwa haki.

Tena msitu wa hifadhi si wa bure. Amani na mingine iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ina kibali na ada, na anayekuambia upite kwa nyuma anakutia matatani.

"Miguu ya watu inaharibu nini? Si sawa na kukata miti"

Niliwahi kuamini hivyo. Sasa tazama Singapore, kisiwa cha joto kilicho karibu na mstari wa ikweta kuliko sisi, na sehemu kubwa yake ni tambarare. Kilima chake kirefu kuliko vyote, Bukit Timah, kina mita 163.63, hilo neno *bukit* kwa Kimalei ni kilima tu. Msitu wake umehifadhiwa tangu 1883. Ni kilima kifupi, kipo mjini, kila mtu anaona ni chepesi, basi wakapanda kila mtu, miaka nenda miaka rudi. Njia zikapanuka, mizizi ikabaki nje, udongo ukashuka na mvua. Mwaka 2014 walilazimika kukifunga ili warekebishe njia na miteremko, wakakifungua tena 2016. Miaka miwili kwa kilima kisichofika mita 170, katika nchi yenye uwezo wa kutengeneza.

Sisi vilima vyetu tukivimomonyoa nani atavifunga na nani atavirekebisha? Anayeanza ni mtu mmoja anayekwepa tope kwa kukanyaga pembeni. Anayefuata anaona pembeni pameshakuwa njia. Masika inakuja, maji yanafuata njia ile ya mkato yenye mteremko mkali, na kwa msimu mmoja panakuwa korongo. Kanyaga tope. Viatu vinafuliwa.

"Vitu vya thamani viko milimani juu"

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata ua dogo la zambarau la msituni, na mbegu zake zikafika Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la *Saintpaulia ionantha*. Leo liko kwenye vikopo madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanalijua kama ua la Usambara, wakidhani ni la huko juu penye ukungu. Lakini mojawapo ya mahali lilipopatikana mwanzo ni nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, mahali pa chini kabisa, ambapo mpanda milima hata asingehesabu kuwa amepanda.

Nimeliona mara chache tu, na mara zote nilikuwa nimepiga magoti. Majani yake ni mazito kidogo, yana manyoya laini kama mgongo wa nyuki, yamejibana kwenye ufa wa jiwe upande usiopigwa na jua. Maua mawili matatu, zambarau, katikati njano. Mti unaolipa kivuli ukikatwa, jiwe linapata moto na ua linakauka. Usiling'oe kupeleka nyumbani.

Shemeji alirudi Julai, kusi ikivuma. Safari hii tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lita tatu kila mmoja mgongoni. Alitembea nyuma yangu bila kunipita, na kila nusu saa akasimama mwenyewe kunywa. Kwenye saa tatu nilimwambia tumefika. Akatazama huku na huku: miti, mizizi, majani, hakuna bahari, hakuna mandhari. Wengi hukata tamaa hapo, kwa kuwa wamezoea kuamini kilele ni mahali pa kuona mbali.

Tukakaa. Nikamkatia chungwa, akachovya chumvi. Juu yetu kukapita mvumo mzito kama mtu anayekung'uta mkeka, mara mbili, tatu, tusione kitu. "Ni nini?" akanong'ona. Nikamwambia hondohondo, ni mabawa yake hayo. Hakutaka kushuka tena mpaka apite mwingine.